Mtoto wa miaka miwili hasemi: usubiri, mfanyie kazi nyumbani, au umpeleke kwa mtaalamu?

Chukua watoto wawili. Wote wametimiza miaka miwili, wote wana maneno 15 hivi. Wa kwanza ukimwambia "kaniletee viatu vyangu", anakwenda na kurudi navyo, hata kama leo havikuwekwa mahali pake pa kawaida. Kitu kikiwa juu asikokifikia, anakinyooshea kidole, anakugeukia usoni, kisha anakitazama tena. Mwanasesere wake analazwa, anafunikwa, anabembelezwa. Wa pili anataja rangi 4 na kuhesabu hadi 5 bila kukosea, na wageni humsifu. Lakini mwambie alete viatu, bila wewe kuvitazama wala kuvionyesha, atabaki amesimama. Akitaka kitu hanyooshi kidole; anakushika kiganja na kukipeleka kwenye kitu hicho bila kukuangalia.

Kwa hesabu ya maneno wamelingana. Kwa uamuzi unaotakiwa kufanywa, hawafanani hata kidogo: wa kwanza anaweza kupewa muda, wa pili asisubirishwe.

Wazazi wengi hushikilia hesabu ya maneno kwa sababu ndiyo rahisi kuikamata, na ndugu huijibu kwa hesabu yao: mjomba alianza kusema akiwa na miaka mitatu, na leo hanyamazi. Huenda ni kweli. Ila hakuna anayekumbuka kama mjomba alikuwa anaelewa anachoambiwa.

Njia ninazolinganisha hapa ni tatu: kusubiri huku ukiangalia, kufanya kazi ya lugha nyumbani kwa kuelekezwa, na kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa usemi na lugha amshughulikie yeye mwenyewe. Msimamo wangu nauweka mapema. Kusubiri kusiko na tarehe si njia, ni kuahirisha kuchagua. Na kwa watoto wengi wa miaka miwili wasio na dalili nyingine, hiyo ya pili inalipa kuliko wazazi wanavyodhani.

Masikio kwanza, njia yoyote utakayofuata

Mtoto apimwe usikivu, apimwe kwa vifaa, si kwa kupigiwa makofi nyuma ya mgongo. Mtoto anaweza kugeuka mlango ukibamizwa na bado asizipate sauti hafifu kama s, f na th, ambazo zimo katika maneno chungu nzima. Kati ya watoto 1,000, kati ya 1 na 3 huzaliwa na upungufu wa usikivu, na wengine huupata baadaye. Kwa hiyo kipimo alichofaulu siku chache baada ya kuzaliwa hakimalizi shaka akiwa na miaka miwili. Kuna pia majimaji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua au maambukizi ya sikio la kati. Mara nyingi hayaumi. Huja na kuondoka, mtoto akasikia vizuri wiki hii na nusunusu wiki ijayo, na nyumbani ikasemwa kwamba ni mkaidi, kwamba akitaka anasikia.

Hatua hii hairukwi hata ukiamua kusubiri. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye upungufu wa usikivu waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baada ya hapo. Kwenye masikio, subira haina faida yoyote.

Na kwa kuwa ndilo linalotajwa upesi: utando mfupi chini ya ulimi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na kwa baadhi yao ukaathiri matamshi ya sauti chache. Haumfanyi akose maneno, wala asielewe. Kuukata hakuleti msamiati.

Nani kachelewa kweli

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni hiki: mtoto wa miezi 24 ambaye hajafikisha maneno 50, au bado haunganishi mawili ("baba njoo", "mpira tena"). Leslie Rescorla, mwanasaikolojia wa Marekani, alikitengenezea dodoso la wazazi mwaka 1989, na limetumika sana tangu hapo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watoto 1,766 wa Australia Magharibi, Stephen Zubrick na wenzake walikuta takriban 13 kati ya kila watoto 100 wamechelewa kwa umri huo. Wavulana walikuwa karibu mara tatu zaidi ya wasichana, na wenye historia ya kuchelewa katika ukoo karibu mara mbili.

Kwa hiyo wanaosema "wavulana huchelewa" hawasemi uongo. Wanachokosea ni hitimisho. Uvulana unaongeza uwezekano wa kuchelewa. Haupunguzi uzito wa kuchelewa kwenyewe. Vivyo hivyo kwa mjomba: kama ukoo una watu waliochelewa kusema au waliosumbuka kusoma, hiyo ni sababu ya kuangalia kwa makini zaidi, si ya kutulia.

Mwaka 2022 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilibadilisha orodha yake ya hatua za ukuaji, na maneno 50 yakawekwa kwenye miezi 30. Wazazi wengi walipumua. Lakini sababu ya mabadiliko ni kwamba orodha mpya inaonyesha yale ambayo watoto 75 au zaidi kati ya 100 wanatarajiwa kuyafanya kwa umri huo, badala ya yale ya mtoto wa wastani. Maana yake, asiyefikia kiwango hicho kwa miezi 30 hayumo nyuma ya wastani tu. Yumo katika robo ya mwisho. Orodha mpya haitoi ruhusa ya kungoja miezi 6 zaidi. Ukiisoma vizuri, inaondoa kisingizio.

Kuhesabu nako kuna namna yake. Neno ni sauti ileile inayotumika kwa maana ileile, hata ikiwa haijanyooka: "pila" kwa mpira ni neno, "mee" kwa mbuzi ni neno. Alichokariri bila kukitumia kuombea, kukataa au kuonyeshea kitu, usikihesabu. Nyumba yenye lugha mbili au tatu ihesabu maneno ya lugha zote pamoja, kwa kuwa kukua na lugha mbili hakumcheleweshi mtoto, na kumnyang'anya lugha ya nyumbani ili "asichanganyikiwe" ni kumpunguzia watu wa kuzungumza naye kwa raha. Kwa mtoto wa Kiswahili kuna jambo la ziada: orodha nyingi zinazozunguka zilitungwa kwa lugha ambazo kitenzi chake hakibebi mtenda na wakati kwa pamoja. Mtoto anayetoka "kuja" akafika "anakuja" amepiga hatua kubwa ambayo orodha ya maneno mawili mawili haitaiona. Iandike.

Kusubiri

Hoja ya wanaosubiri ina nguvu kuliko wataalamu wengine wanavyokubali. Watoto waliochelewa kusema tu, huku wakielewa vizuri na wasiwe na tatizo jingine, wengi wao huwafikia wenzao kabla au karibu na umri wa kuanza shule. Andrew Whitehouse na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliofuatilia watoto wa Australia hadi miaka 17, walikuta kwamba waliochelewa wakiwa na miaka miwili hawakuwa na matatizo zaidi ya tabia na hisia walipokuwa wakubwa. Mzazi anayelala macho akiwaza kwamba maisha ya mwanawe yameharibika ana haki ya kusikia hilo.

Upande wa pili wa shilingi ni kazi ya Rescorla mwenyewe. Aliwafuatilia watoto wa aina hiyohiyo, walioelewa vizuri lakini hawasemi, mpaka wakafika miaka 17. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2009 yaliwaweka ndani ya kiwango cha kawaida, lakini kwenye msamiati, sarufi na kumbukumbu ya maneno walikuwa bado chini ya wenzao wa mazingira sawa. Walifika, ila hawakulingana.

Tatizo la kusubiri ni kwamba hakuna anayeweza kukuonyesha kidole na kusema huyu atafika, huyu hatafika. Kuna ishara tu za kukisia. Zinazoegemea upande mzuri: anaelewa maagizo yasiyo na ishara ya mkono, ananyoosha kidole, anapunga, anatikisa kichwa kukataa, anajifanya kupika au kuendesha, anaiga sauti, ana aina nyingi za sauti mdomoni hata kama si maneno, na kila mwezi kuna kipya. Zinazoegemea upande mbaya: mtoto ni mkimya tangu uchanga, ana sauti chache, ana majina ya vitu lakini hana vitenzi, na orodha yake ya leo ndiyo ile ya miezi mitatu iliyopita. Mwendo una uzito kuliko idadi. Mtoto mwenye maneno 20 aliyekuwa na 5 juzijuzi hanitishi kama yule mwenye 40 aliyesimama.

Ukisubiri, basi subiri kwa daftari. Andika maneno yote leo, weka tarehe miezi mitatu mbele, na uwe umeshajua siku hiyo utampeleka wapi kama mambo hayajasogea. Miezi mitatu ni mingi kwa umri huu. Mwaka mmoja ni nusu ya maisha yake.

Wapo wasioruhusiwa kusubiri kabisa. Asiyegeuka akiitwa jina. Asiyeonyesha wala kupunga mkono akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Asiye na neno lolote miezi 18. Asiyeelewa. Na aliyekuwa na maneno au ishara akazipoteza, umri wowote ule. Huyo aonwe na daktari wa watoto mara moja. Baadhi ya ishara hizi huonekana kwa watoto wenye usonji (autism), nyingine kwa wasiosikia, na si kazi ya mzazi kutofautisha akiwa sebuleni.

Kazi ya nyumbani

Wengi wakisikia hivi hudhani ni kumsemesha mtoto mfululizo, au kumshikisha kadi za picha na kumwambia "sema mpira, sema mpira". Ni karibu kinyume chake. Mtaalamu anamfundisha mzazi mbinu chache, anamtazama akizitumia, mara nyingi kwa kurekodi video fupi na kuiangalia pamoja, kisha anamrekebisha. Programu ya Hanen ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Ayala Manolson, ni miongoni mwa zilizoeneza mtindo huu, na leo ipo mingine mingi inayofanana nao.

Mbinu iliyo ngumu kuliko zote ni kunyamaza. Unakaa chini sakafuni, uso kwa uso, unatazama anachoshughulika nacho, na unangoja. Hesabu moyoni hadi 10. Watu wazima wengi hujaza ukimya kabla ya kufika nusu, na mtoto mzito wa kusema hapati kamwe nafasi ya kuanza. Akitoa sauti, akikutazama, akinyoosha kidole, hiyo ndiyo zamu yake. Ipokee, sema neno moja au mawili, halafu nyamaza tena.

Kisha fuata macho yake. Neno huingia likitajwa wakati mtoto anakitazama kitu hicho na kukitaka, si wakati wewe umeamua kwamba leo tunajifunza wanyama. Punguza maswali ya mtihani. "Hii nini? Hii rangi gani?" humfanya asiyejua anyamaze zaidi, na anayejua hutoa neno moja likaishia hapo. Badala yake sema kinachotokea: "Gari limeanguka." Akisema "gari", mwongezee kidogo tu: "gari kubwa", "gari linaenda". Akisema "pila", usimwambie amekosea, mrudishie sahihi kwa furaha: "ndiyo, mpira!"

Vitenzi ndipo mahali ambapo wazazi wengi wanapoteza fursa. Tunawafundisha watoto majina: jicho, paka, mpira, taa. Lakini bila kitenzi hakuna sentensi. Chagua vichache, fungua, mwaga, ruka, ondoa, lala, na ukivute kimoja katika mazingira mengi: fungua mlango, fungua chupa, fungua kitabu, fungua mkono. Kurudia neno moja kwenye vitu kumi kunafanya kazi zaidi ya maneno kumi kila moja mara moja.

Ipo pia hila ndogo ya kumtengenezea haja ya kusema: weka kichezeo anachokipenda ndani ya chupa inayoonyesha, iliyofungwa kwa nguvu, umkabidhi na ungoje. Ila usigeuze kuwa adhabu. Mtoto anayeambiwa "sema kwanza ndipo nikupe" hujifunza kulia, si kusema. Akikutazama na kukusogezea chupa ameshaomba. Wewe tia neno, "fungua", na umfungulie.

Je, inafanya kazi? Megan Roberts na Ann Kaiser walikusanya tafiti 18 mwaka 2011 na kukuta kwamba mzazi aliyefundishwa huleta maendeleo ya kweli, katika kuelewa na katika kusema. Kabla yao, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2003 yaliyoongozwa na James Law hayakuona tofauti ya maana kati ya matokeo ya mtaalamu na ya mzazi aliyefundishwa vizuri. Mantiki yake haihitaji utafiti mkubwa: mtoto wa umri huu yuko macho zaidi ya saa 70 kwa wiki, na mtaalamu humwona moja.

Dosari zake ni halisi pia. Mzazi anachoka. Mzazi aliye na msongo, au watoto watatu, au kazi mbili, anabebeshwa kazi nyingine na ikishindikana anajilaumu. Hapa niseme wazi: mtoto hakuchelewa kwa sababu nyumbani hawaongei vizuri naye. Maongezi ya kawaida huwatosha watoto wengi. Huyu anahitaji yaliyokolezwa, basi. Dosari nyingine haizungumzwi sana: mara nyingi anayefundishwa si anayeshinda na mtoto. Kama mchana kutwa yuko na bibi au na msaidizi wa nyumbani, huyo ndiye aende kwenye mafunzo, au angalau aende pia.

Na kusoma mbinu hizi kwenye maandishi, haya yakiwemo, si sawa na kutazamwa na kurekebishwa. Kila mtu huamini ananyamaza vya kutosha mpaka aione video yake.

Mtaalamu mwenyewe

Kinachowachanganya wazazi ni kudhani kwamba kwenda kwa mtaalamu ni kuanza tiba. Kupimwa na kutibiwa ni vitu viwili. Tathmini moja nzuri huangalia mtoto anaelewa nini bila kusaidiwa na ishara, anacheza vipi, ana sauti zipi, anatumia macho na mikono vipi, na inaweza kuisha kwa ushauri wa kusubiri miezi mitatu. Ukiwa njia panda, hiki ndicho kitu cha kulipia kabla ya kingine chochote.

Tiba yenyewe kwa kawaida ni kikao kimoja au viwili kwa wiki, cha nusu saa hadi saa nzima, kwa mchezo. Inazishinda njia nyingine pale tatizo linapokuwa la aina ambayo mapenzi na mazoea ya nyumbani hayafiki. Mtoto mwenye apraksia ya usemi, ambaye anajua anachotaka kusema lakini ubongo hauupangi mdomo, anahitaji mazoezi ya mara kwa mara na mtu aliyesomea. Aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka vivyo hivyo. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia. Anayeshukiwa kuwa na usonji. Na yule asiyeelewa: ushahidi wa tiba kwa watoto wenye shida ya kuelewa ni dhaifu kuliko ule wa wenye shida ya kusema tu, mapitio yaleyale ya Cochrane yalilikiri hilo, na kwangu hiyo ni sababu ya kuanza mapema.

Baada ya miaka mitatu mizani inahama. Mtoto wa miaka mitatu na nusu ambaye bado yuko nyuma hana tena haki ya kuitwa mchelewaji anayetarajiwa kujifikisha mwenyewe. Wapo watoto takriban 7 kati ya 100 wenye ugumu wa lugha unaodumu hadi shuleni bila sababu inayoonekana, si masikio, si akili, si usonji. Mwaka 2016 na 2017 kundi la wataalamu lililoongozwa na Dorothy Bishop wa Uingereza lilikubaliana kuuita kwa jina moja, tatizo la ukuaji wa lugha, kwa sababu majina yalikuwa mengi na watoto walikuwa wanapotea katikati yake. Baadhi yao walianza kusema kwa wakati. Hivyo hata mwenye mtoto aliyewahi aangalie sentensi zake baadaye.

Mtaalamu akitaka kumtumia mtoto picha au ishara za mikono, usiogope kwamba ataacha kusema. Havizuii usemi, humpa mtoto njia ya kuwasiliana wakati usemi unakuja, na hupunguza hasira.

Namna ya kumjua mtaalamu wa kumng'ang'ania: anakuingiza ndani ya chumba. Anayemchukua mtoto, akafunga mlango na kukurudishia baada ya dakika 40 na "amefanya vizuri leo", amekunyima zile saa nyingine zote za wiki.

Njia za pembeni

Shule ya awali hupendekezwa sana: atachangamka akiwa na wenzake. Wengine huchangamka kweli. Lakini darasa la watoto wengi na mwalimu mmoja humfaa anayejua kujidai nafasi, na mtoto mkimya anaweza kupita siku nzima humo bila mtu kumgundua. Iwe nyongeza.

Video na programu za simu zinazoahidi kufundisha kusema, ziache. Judy DeLoache na wenzake walijaribu mwaka 2010 video maarufu ya kufundisha maneno kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Baada ya wiki nne, walioitazama hawakujifunza zaidi ya wasioitazama, na waliofanya vizuri ni waliofundishwa na wazazi wao bila video. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa chini ya miaka miwili, na kwa miaka miwili hadi minne si zaidi ya saa moja kwa siku. Hata runinga inayonguruma bila mtu kuitazama ina gharama: Dimitri Christakis alipima mwaka 2009 na kukuta kila saa ya runinga inayosikika inaendana na upungufu wa maneno 770 hivi ya watu wazima ambayo mtoto huyasikia. Kuizima ni bure, na kunaingia katika njia zote tatu.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Swali linalonisaidia zaidi si njia ipi bora, bali kila moja itakugharimu nini ukiwa umekosea.

Ukisubiri na kumbe hakupaswa kusubiri, umepoteza miezi ambayo haikurudi, na ugumu wa kuelewa umezidi kujificha nyuma ya utundu. Ukifanya kazi ya nyumbani na kumbe angesema mwenyewe, umepoteza jasho kidogo na umepata mtoto uliyecheza naye sana. Ukienda kwenye tiba na kumbe hakuihitaji, umepoteza pesa, muda wa safari na pengine utulivu wa nyumba. Hasara hizi tatu hazilingani, na ndiyo maana njia ya katikati ndiyo pa kuanzia unapokuwa na shaka.

Kwa muda: kusubiri hakudai kitu, jambo linalovutia na la hatari. Nyumbani kunadai kubadili namna mnavyokula, mnavyooga na mnavyovaa, si kutenga saa maalumu. Mtaalamu anadai ratiba, na penye foleni ndefu anadai kuandikishwa leo hata kama hujaamua. Hilo wazazi hulisahau: jiandikishe kwanza, endelea kuangalia, na nafasi ikifika mtoto akiwa ameshaanza kusema, mwachie mwingine.

Kwa uthibitisho wa kwamba inafanya kazi: kwenye zote ni daftari lilelile. Miezi mitatu ya njia yoyote isiyoongeza maneno, ishara wala kuelewa ni miezi mitatu ya kutosha, badilisha.

Nikipewa mtoto wa miaka miwili kasorobo, anayeelewa na kuonyesha, ningesubiri kwa tarehe huku nikianza kunyamaza na kufuata macho yake. Akiwa amepita miaka miwili, hajafika maneno 50 lakini kila kingine kiko sawa, ningetafuta mafunzo ya wazazi na tathmini moja. Haelewi, haonyeshi, amepoteza maneno, au amefika miaka mitatu bado yuko nyuma: mtaalamu, na masikio yapimwe wiki hiyohiyo.

Siku ya kwanza ya kwenda, chukua daftari la maneno lenye tarehe, matokeo ya usikivu, na video mbili za dakika chache ulizozirekodi nyumbani, moja akicheza peke yake na moja akicheza nawe. Watoto wengi hunyamaza kabisa mbele ya mgeni, na bila video hizo mtaalamu atampima mtoto usiyemjua. Orodhesha pia waliochelewa kusema au kusoma kwenye ukoo wa pande zote mbili, pamoja na yule mjomba.